Diski Iliyokimbia Maombi

Mambo yote yalianzia kwenye herufi "a". Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili, na siku moja ile herufi ikagoma kabisa. Lugha nyingine labda zinaweza kujikongoja siku mbili tatu zikikosa herufi moja. Kiswahili bila "a" jaribu wewe uone. Huwezi kumwita mama, huwezi kuomba maji. Nilimwandikia mteja mmoja "Hbri z subuhi mm", naye akaniuliza nimekunywa nini mapema yote hiyo.

Basi nikanunua kibodi ya pembeni. Kipanya nilikuwa nacho. Sasa laptopu yenyewe ina matundu mawili ya USB, na moja lilikufa siku niliponaswa mguu na waya nikaenda nao mpaka mlangoni. Likabaki tundu moja, na vitu vya kuchomeka ni vitatu: kibodi, kipanya, na diski ya nje iliyobeba kazi zangu zote. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa kijana anayetandaza bidhaa zake juu ya gunia pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nikanunua pweza.

Pweza ni jina tulilompa nyumbani. Ni kile kidude unachokichomeka kwenye tundu moja nacho kinakuzalia manne. Kijana alianza na shilingi 600, tukavutana, tukaachana kwa 350. Nilipanda matatu ya Umoja nikijihisi mfanyabiashara.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Jumamosi hiyo nilikuwa nimetoka Limuru kwenye harusi moja kubwa, watu mia nne, mahema matatu, na mama wa bibi harusi aliyenishika mkono akaniambia, "Kijana wa video, nataka nijione nikicheza." Nilirudi na gigabaiti 300 na ushee, nikazimwaga zote kwenye diski ya nje kwa sababu tumbo la laptopu lilikuwa limejaa tayari. Halafu nikafuta kadi za kamera, maana Jumamosi iliyofuata nilikuwa na ruracio, sherehe ya mahari. Nakala ya pili? Tafadhali tusiongelee nakala ya pili. Mke wangu ameshaiongelea ya kutosha.

Jumatatu nikaenda stesheni ya Syokimau kumpokea Shangazi, aliyekuja na treni kutoka Voi. Alikuwa na miadi ya macho, mara tatu katika wiki tatu, na katikati ya miadi akae kwetu. Shangazi alifundisha historia miaka 34 kabla ya kustaafu, na mpaka leo akiingia chumbani unajikuta umenyoosha mgongo. Mimi huniita "baba" kwa sababu nimebeba jina la baba yake, kwa hiyo naweza kukaripiwa na kuheshimiwa kwa wakati mmoja.

Alikuja na kapu la ndizi za milimani, vitambaa vya kushona kwa mkono, na simu yenye maandishi makubwa kama ya bango la barabarani. Macho yake yalihitaji hivyo: Biblia yote imo humo ndani, herufi tatu kwa kila mstari, mwanga umefunguliwa hadi mwisho. Waya wa chaja alikuja nao. Kichwa cha chaja alikisahau Voi ukutani. "Usijali Shangazi," nilimwambia, "nyumba hii haikosi pa kuchajia." Maneno yangu hayo, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kufikia Jumanne asubuhi vitambaa vilikuwa vimeenea. Kochi lilivaa, televisheni ikavaa, na meza yangu ya kazi ikavikwa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi kilichofunika diski, pweza na nusu ya kibodi. "Vumbi la Nairobi, baba," alisema. Nilikifunua. Nilipotoka kuoga kilikuwa kimerudi. Nilikifunua tena, kikarudi. Baada ya hapo nikajifunza kufanya kazi kama daktari wa upasuaji, mikono ikiwa chini ya shuka.

Mara ya kwanza diski kukatika ilikuwa siku hiyohiyo, saa sita mchana. Nilikuwa nimefika bibi harusi anashuka kwenye gari. Mguu mmoja uko chini, mwingine unakuja. Kompyuta ikatoa ile sauti ya kupanda inayotoa ukichomeka kitu, *tutung'*, halafu palepale ile ya kushuka, *tung'tu*, na bibi harusi akageuka ubao mwekundu wa kusema faili halipatikani. Chini ya kitambaa diski ikaanza kulia *kak… kak… kak*, kama saa ya ukutani inayotafuta dakika iliyodondoka.

Ukiwa umewahi kuisikia sauti hiyo huhitaji kuelezwa. Ndani ya diski ya aina hii kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kamkono kanachoelea juu yake bila kuigusa. Ule mlio ni kamkono kakijaribu kushika kazi na kurudi kwenye kiota chake, kikijaribu na kurudi. Kwa lugha ya nyumbani, ni mlio wa harusi ya watu mia nne ikielekea kaburini.

Nilichomoa, nikachomeka. Ikarudi. Saa tisa alasiri, *tutung'*, *tung'tu*, kak kak kak. Kesho yake alfajiri, vilevile.

Mama wa bibi harusi akaanza kupiga simu. Alikuwa na kaka Marekani aliyekosa viza ya kurudi na kuja harusini, na huyo kaka alitaka video kabla ya mwisho wa mwezi. Kila asubuhi saa mbili kamili: "Kijana wa video, umenifikia?" Namwambia bado niko kanisani. Kesho yake: "Kwani hiyo ibada haiishi?"

Ploti yetu ina milango kumi na sita na, kumbe, mafundi kumi na sita. Msimamizi wa ploti alisema ni stima, kwamba mtaa mzima umeunganishwa vibaya. Jirani wa chini alisema ni kirusi, na akanishauri nisichomeke diski kwa watu ovyo, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri wa aina nyingine. Kijana wa mlango wa pili, anayesomea kompyuta chuoni, aliingia kwenye mipangilio akazima ule utaratibu wa kompyuta kuyalaza matundu ya USB ili kuokoa betri. Hilo lilikuwa wazo zuri na la kitaalamu, na lilitupa matumaini hadi saa sita mchana.

Mimi nilikuwa na imani yangu, imani ya mkao. Niligundua, au nilidhani nimegundua, kwamba diski ikisimamishwa kwa ubavu juu ya kopo la majani chai, ikaegemea kamusi, na waya ukazungushiwa mpira mara mbili, inakaa. Niliitunza hiyo hali kama mtu aliyebeba mayai juu ya kichwa. Watoto walikatazwa kukimbia. Mke wangu akipika chapati alisukumia chumbani kwa majirani. Na bado, saa tisa, *tutung'*.

Ndipo Shangazi alipoamua kuingilia kati kwa njia yake.

"Baba, hicho kidude tukiombee."

Nilikuwa nimefika mahali pa kukubali chochote. Akavuta kiti karibu na meza yangu, upande wenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani, akajinyoosha, akapapasa nyaya zake chini ya kitambaa, akaitoa simu akaifungua Zaburi. Diski wakati huo ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Nilifumba macho. Hajamaliza hata kulisafisha koo, nikasikia: *tutung'*. *Tung'tu*. Kak kak kak.

Tulifumbua macho tukatazamana.

"Umeona?" alinong'ona. "Imeshtuka."

Alirudia saa tisa. Ikakatika kabla ya mstari wa pili. Alirudia alfajiri, nikiwa macho kwa makusudi nishuhudie. Ikakatika. Sasa tulikuwa na kitu ambacho wanasayansi wangefurahi kukipata, yaani jambo linalotokea kila mara ukilirudia: diski yangu ilikuwa haivumilii Neno. Shangazi alichukulia hilo kama changamoto ya kibinafsi. Kutoka mara tatu kwa siku akapanda hadi tano, na kadiri alivyoongeza ndivyo diski ilivyozidi kuzirai.

Usiku ilikuwa hadithi nyingine. Shangazi alilala saa nne na simu yake chini ya mto, na kuanzia hapo diski ilitulia tuli kama mtoto wa mchungaji. Nilihariri mpaka saa kumi alfajiri bila mkwaruzo hata mmoja. Nilipomsimulia asubuhi, nikitarajia afurahi, aliweka kikombe chini polepole.

"Baba. Kitu kinachofanya kazi usiku peke yake, na mchana kinakimbia maombi, sisi kwetu kina jina."

Ningeweza kuimaliza kazi yote usiku, lakini mimi si popo. Usiku wa pili nilisinzia kwenye hotuba ya mjomba, shavu likatua juu ya kibodi, na nilipoamka kulikuwa na kurasa 40 za herufi "a". Herufi zote nilizokosa miezi mitatu nikalipwa kwa mkupuo mmoja.

Siku nyeusi kuliko zote ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Diski ilikuwa imekatika na kurudi nusunusu, vile inavyorudi ikiwa imechanganyikiwa, na Windows ikatoa lile tangazo lake kwamba diski haisomeki na lazima ifomatiwe ndipo itumike, je, unataka kuifomati? Shangazi, aliyekuwa peke yake mezani, alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Baba," aliita, "mashine inauliza swali."

"Swali gani?"

"Silioni vizuri. Lakini imeuliza kwa adabu. Nimeshika panya, nijibu ndiyo?"

Umbali kutoka jikoni kwetu hadi mezani ni hatua saba. Mke wangu anasema hakuona hatua hata moja. Aliona sufuria ikibaki hewani na mume wake akiwa mahali pengine. Nilimkuta Shangazi kidole kiko juu ya kipanya, anasubiri ruhusa kama mwanafunzi, akashangaa kuniona nimepiga magoti.

Ilibidi niende Luthuli.

Kwa msomaji asiyeijua, Luthuli ndiyo barabara ya vitu vya umeme hapa mjini: redio, spika, kamera, taa, rimoti za televisheni ambazo kampuni yenyewe imesahau kama iliwahi kuzitengeneza. Kila duka limefungulia spika yake hadi mwisho ili uone, samahani, ili usikie kwamba ni nzima. Fundi niliyeelekezwa ana kibanda ghorofa ya pili, ukubwa wa kabati la nguo, na watu humwita Daktari. Aliichukua diski akaiweka sikioni kwanza, kimya, macho juu. Halafu akaichomeka kwenye mashine yake.

Ikafanya kazi.

Akaifungulia programu inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Hakuna sehemu iliyooza, hakuna iliyokuwa ikisubiri kuoza, joto la kawaida. Tukakaa saa moja na nusu. Bibi harusi alishuka kwenye gari miguu yote miwili. Nilijisikia kama mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa, anafika hospitalini mtoto anakimbizana na wenzake kwenye foleni. "Boss, diski yako ni nzima kuliko mimi," alisema Daktari. Shilingi 500.

Saa tisa alasiri, nyumbani: kak kak kak.

Nilirudi kesho yake na kila kitu: laptopu, waya, kibodi, kipanya, pweza. Safari hii aliushuku waya. Akanionyesha ule mdomo mpana unaoingia kwenye diski, wenye vyumba viwili kama nyumba ya kupanga, akanionyesha jinsi ulivyolegea, akaniambia waya mwembamba na mrefu hula umeme njiani kabla haujafika. Tukabadilisha: mfupi, mnene, shilingi 400. Tukachomeka vyote kama vinavyokaa nyumbani, hata kopo la majani chai nilikuwa nimelibeba, nikaona aibu kulitoa kwenye mkoba. Saa mbili nzima. Haikukatika hata mara moja.

Nyumbani, jioni, Shangazi akavuta kiti. Ikakatika.

Nilimpigia Daktari nikiwa karibu kulia. Alinyamaza muda mrefu, nyuma yake spika za Luthuli zikitukana masikio.

"Boss, fikiria vizuri," alisema. "Huko kwako kuna nini ambacho hapa kwangu hakipo?"

Nilizungusha macho sebuleni. Kochi. Televisheni. Kapu la ndizi. Shangazi na Zaburi yake.

"Hakuna kitu," nikamwambia.

Alhamisi Shangazi alikuwa na miadi ya pili ya macho mjini, saa mbili asubuhi. Nilimpeleka, tukamaliza mapema, na kwa kuwa nilikuwa nimebeba mzigo wangu wote mgongoni nikamwambia tupite Luthuli mara moja. Alikubali kwa sharti nisimwache. Tukateremka, yeye mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, mimi nikitengeneza njia. Katikati ya barabara, spika kulia spika kushoto, mtu wa mkokoteni akituzomea tupishe, Shangazi akasimama.

"Unajua jina hili ni la nani?"

"Shangazi, tupishe mkokoteni."

"Chifu Albert Luthuli. Afrika Kusini. Alipewa Nobel ya Amani ya mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza. Na ninyi mmeijaza barabara yake kelele." Mtu wa mkokoteni, nakuapia, alizima mdomo akasubiri amalize.

Kibandani Daktari alimpa kiti cha pekee. Mimi na yeye tukasimama. Akapanga vitu vyote mezani, akawasha, diski ikaamka bila shida. Dakika kumi. Ishirini. Nilianza kufikiria kumwomba nihamie pale na familia. Shangazi alikuwa ameitoa simu ili asome, kwa sababu foleni ya hospitali ilikuwa imemla muda wa Zaburi ya asubuhi. Akaigeuza huku na huku.

"Baba, imebaki asilimia nne. Pweza yuko wapi?"

"Huyo hapo Shangazi," nikamwambia bila kugeuka, nikamsogezea.

*Tutung'.*

*Tung'tu.*

Kak. Kak. Kak.

Daktari hakuitazama diski. Mimi niliitazama diski, kama nilivyoitazama siku kumi mfululizo. Yeye aliutazama waya mweupe uliokuwa haupo dakika moja iliyopita. Akauwekea kidole pale unapoingia kwenye pweza, akaufuata taratibu, ukapita ukingo wa meza, ukashuka, ukapanda mapajani mwa Shangazi, ukaishia kwenye simu iliyokuwa inang'aa Zaburi ya 91 kwa herufi za bango.

"Mama," alisema kwa upole mkubwa, "chomoa."

Akachomoa. Diski ikanguruma ikaamka.

"Chomeka."

*Tutung', tung'tu.*

"Chomoa. Chomeka." Alirudia mara nne, uso umechangamka kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Sikumbuki kukaa.

Alinieleza huku akichekea kwenye kiganja. Matundu ya laptopu yangu ni yale meusi ya zamani, ya USB ya pili. Yale ya tatu, ambayo mengi huwa na ulimi wa buluu, kiwango chake ni miliampia 900. Langu kiwango ni 500, basi. Pweza wangu hana chaja yake mwenyewe, kwa hiyo haongezi hata tone. Yeye anagawa tu. Ni sahani moja ya wali iliyowekewa vijiko vinne. Kibodi na kipanya hula kama ndege. Diski, ikianza kuzungusha ile sahani yake, inataka karibu chakula chote, na ilikuwa inakipata kwa kujibana. Halafu anaingia mgeni mwenye betri ya asilimia nne. Akachomeka kipimo chake kidogo katikati: volti 4.9 diski ikiwa peke yake. Simu ilipoingia, 4.3. Diski inaishiwa pumzi, kamkono kanarudi kiotani, kompyuta inasema kwaheri.

Na ile *tutung'* ya kupanda, ambayo nilidhani ni diski ikihangaika kurudi? Hiyo ilikuwa simu ya Shangazi ikibisha hodi. Kila mara ilibisha hodi kwanza, na kila mara nilikuwa nimekodolea macho mlango mwingine.

Usiku simu ililala chini ya mto. Mchana ilikuwa ikisomwa kwa mwanga wote, ikiisha kila baada ya saa moja, ikichajiwa palepale anaposomea, chini ya kitambaa chenye waridi. Alipoongeza maombi hadi mara tano, akawa anaichaji mara tano.

Tulinyamaza. Shangazi alikunja waya wake polepole, mara tatu, akauweka mkobani.

"Kwa hiyo siku zote hizo," alisema, "nilikuwa nikipambana na mimi mwenyewe."

Hakuna aliyethubutu kujibu. Nilidhani yameisha. Lakini mwalimu wa miaka 34 haondoki darasani hivyo. Alipofika kwenye ngazi aligeuka.

"Ngojeni. Jana usiku niliichaji simu hii ikajaa mia. Asubuhi foleni ikanishikilia saa mbili nzima, simu ikaisha. Nani alinicheleweshea foleni ili betri iishe hapahapa, mbele ya fundi?"

Daktari aliangalia chini, kama mtu aliyeulizwa mtihani.

Alinirudishia lile tundu lililokufa kwa shilingi 800, kazi ya dakika 40 ambayo ningeifanya miezi mitatu kabla kama si ubahili, ili diski ikae peke yake na pweza abaki na kibodi na kipanya. Utafiti wenyewe alikataa kuulipisha. Alisema tu kwamba kama mama hatajali, biashara si nzuri mwezi huu, kidogo tu maombi. Shangazi akasimama kibandani mle akaomba dakika kumi na mbili. Nyuma yetu foleni ilifika hadi ngazini, na mtu mmoja mwenye redio kifuani alisema "Amina" mapema mara tatu akitumaini itasaidia. Chini, duka la kwanza kabisa, nikamnunulia kichwa cha chaja. Shilingi 300.

Kazi ilikwisha kwa siku nne. Mwishoni nikaweka majina yanayopanda polepole kwenye kioo, maana hata kama ni mtu mmoja lazima paonekane pana kampuni. Kamera: mimi. Uhariri: mimi. Sauti: mimi. Nikamtazama Shangazi aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, simu yake ikila umeme wa ukutani kwa amani, nikaongeza mstari mmoja wa utani. Umeme: Shangazi.

Jumamosi saa mbili kamili asubuhi simu ikaita.

"Kijana wa video! Nimejiona! Kaka yangu huko amelia." Akanisifia dakika nzima. Halafu akashusha sauti. "Sasa sikiliza. Mdogo wake bibi harusi anaolewa Desemba, na pale shambani stima yetu ni ya kubahatisha. Huyo mama aliyesimamia umeme, anachukua bei gani kwa siku?"